Sura ya Sita: Milimita za Muuzaji

Ukiingia duka lolote linalouza baiskeli za milimani zenye shokapu mbele na nyuma, tarakimu ya kwanza utakayotajiwa ni ya milimita. Hii ina mia na ishirini, ile mia na hamsini, na ile ya pembeni, yenye foku nene na matairi yenye meno makubwa, mia na sabini. Milimita hizo ni umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kuelekea kwenye fremu kabla shokapu haijafika mwisho wake. Katika kitabu hiki nauita mnepo. Ni tarakimu rahisi kukumbuka na rahisi kulinganisha, na kwa sababu hiyo ndiyo inayouza. Muuzaji atakwambia kwamba kadiri mnepo unavyozidi, ndivyo baiskeli inavyoweza mengi. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ni ile nusu inayohusu kuteremka.

Fikiria safari ya kawaida ya Jumamosi. Unapanda kwa saa nzima au zaidi, kisha unateremka kwa dakika kumi na tano ukicheka peke yako. Katika ile saa ya kupanda, mnepo mrefu haukusaidii kitu: unasukuma foku nzito, matairi mazito na fremu iliyoimarishwa kwa ajili ya mapigo ambayo huenda usiyapate mwaka mzima. Baiskeli za mbio za krosi kantri zina mnepo wa mm 100 hadi 120. Za enduro, mashindano ambayo muda huhesabiwa kwenye miteremko, zina 160 hadi 180. Za kuteremka tu, ambazo hupandishwa mlimani kwa gari au kwa lifti za waya, hufika 200. Kati ya 120 na 150 ndipo ilipo baiskeli ya vijia, na hiyo ndiyo ya kutafutwa na mtu mwenye nafasi ya baiskeli moja na fedha za baiskeli moja. Ikiwa mpya, bei yake hupita ya pikipiki ya bodaboda. Si kitu cha kununua kwa kukisia.

Nitashikilia jambo ambalo wauzaji hawalipendi sana: umbo la fremu lina maana kuliko mnepo, na urahisi wa kuitengeneza hapa tulipo una maana kuliko chapa iliyoandikwa ubavuni.

Habari ya umbo ilianza mapema kuliko shokapu. Tarehe 21 Oktoba 1976, huko Marin, kaskazini ya San Francisco, vijana wachache walishindana kuteremka barabara ya vumbi karibu na mji wa Fairfax. Mteremko ulishuka takriban mita 400 katika kilomita tatu na ushei. Baiskeli zao zilikuwa mikweche ya Schwinn ya miaka ya 1930 na 1940, yenye matairi mapana na breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Breki hiyo ilipata moto hadi grisi iliyomo ndani ya haba ikaungua na kufuka moshi, na baada ya kushuka ilibidi haba ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Kutokana na kazi hiyo mteremko ukaitwa Repack. Rekodi yake ni ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22. Joe Breeze alikuja nyuma yake kwa sekunde mbili. Hapakuwa na shokapu hata moja kilimani.

Mikweche ile iliwezaje? Foku zake zililala mbele, magurudumu yalikuwa mbali, na mwendeshaji alikaa ndani ya baiskeli badala ya kuning'inia juu ya gurudumu la mbele. Yeyote aliyewahi kushuka barabara ya makorongo kwa Phoenix iliyofungwa gunia nyuma anajua utulivu huo. Umbo ni lilelile. Breeze alipounda fremu yake ya kwanza ya milimani mwaka 1977 aliiga umbo la Schwinn ya zamani. Lakini mashindano yaliyofuata yalipenda kupanda, na wabunifu wa miaka ya 1980 wakaazima pembe za baiskeli za barabarani. Shingo ya fremu ikasimama hadi digrii 71, na stemu, kile kipande kinachoshika usukani, ikarefuka kupita mm 120. Mtu akawa ameinama, kichwa kikitangulia gurudumu.

Shokapu zilikuja wakati huohuo wa umbo baya. Paul Turner na Steve Simons walitoa RockShox RS-1 mwaka 1989, foku yenye mnepo wa takriban mm 50. Mwaka uliofuata Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiwa nayo, katika mashindano ya kwanza rasmi ya dunia ya baiskeli za milimani huko Durango, Colorado. Tangu hapo viwanda vikaanza kuongeza milimita. Hamsini zikawa themanini, themanini zikawa mia, mia zikawa mia na thelathini, na bado baiskeli ziliendelea kumrusha mtu juu ya usukani, kwa sababu milimita zile zilikuwa zikifidia kosa la umbo. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kwa wabunifu kukubali kurekebisha umbo lenyewe. Kampuni ya Kihispania ya Mondraker ilikuwa miongoni mwa za kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kurefusha fremu na kufupisha stemu kiasi cha kuchekwa. Leo karibu kila mtu anafanya hivyo, na hakuna anayecheka.

Kwa hiyo ukishika karatasi ya vipimo, ipite kwanza ile tarakimu ya mnepo na utafute vipimo vitatu.

Cha kwanza ni pembe ya shingo. Kwa baiskeli ya vijia ya sasa iwe kati ya digrii 64 na 66. Kadiri tarakimu inavyopungua ndivyo foku inavyolala na gurudumu la mbele linavyotangulia mbele ya uzito wako. Likigonga jiwe kwenye mteremko, kuna nafasi ya kosa kabla hujapinduka. Ubaya wake unaonekana unapopanda polepole: gurudumu la mbele hutangatanga, na kona kali za mlimani hukutaka uzipinde kwa upana. Chini ya 64 utakuwa umenunua baiskeli ya kuteremka, hata kama imeandikwa vingine.

Cha pili ni pembe ya siti, na hiki ndicho nakipa uzito kuliko vyote kwa mtu anayeishi kwenye miinuko. Baiskeli za zamani zilikuwa na digrii 73 au 74, yaani siti ilikuwa nyuma ya pedeli. Ukipanda mlima mkali, shokapu ya nyuma huzama, siti inarudi nyuma zaidi, na gurudumu la mbele linaanza kunyanyuka. Pembe ya 76 au 77 hukuweka juu ya pedeli. Unakaa, unakanyaga, gurudumu la mbele linabaki chini. Mtu anayepanda kutoka bonde la Soni kuelekea Lushoto, huko Usambara, kwa vijia vya wakulima atahisi digrii hizo tatu kila dakika. Milimita 20 za mnepo hatazihisi hadi jioni.

Cha tatu ni ufikio, umbali wa mlalo kutoka kitovu cha pedeli hadi juu ya shingo ya fremu. Hiki ndicho kipimo cha saizi. Herufi S, M na L hazina maana, kwa kuwa M ya kampuni moja ni L ya nyingine. Mtu wa urefu wa sentimita 170 aanze kutafuta mm 440 hadi 460. Wa sentimita 180, mm 470 hadi 485. Kama tayari una baiskeli inayokukaa vizuri ukiwa umesimama juu ya pedeli, ipime, na kipimo hicho kiwe msingi wako. Usipime ukiwa umekaa, kwa sababu pembe mpya ya siti huleta siti karibu na usukani na kufanya fremu ndefu ionekane fupi. Stemu iwe mm 35 hadi 50. Yapo mengine, kama urefu wa fremu nyuma na kimo cha kitovu, lakini tofauti zake kati ya baiskeli moja na nyingine ya vijia ni ndogo, isipokuwa kwamba kitovu kilicho chini sana kitagongesha pedeli zako kwenye mizizi, na dawa yake ya bei nafuu ni kufunga mikono ya pedeli ya mm 165.

Angalia sasa jinsi umbo lilivyobadilisha maana ya mnepo. Santa Cruz huuza Tallboy yenye mm 120 nyuma na 130 mbele, na shingo iliyolala karibu digrii 65 na nusu. Miaka kumi kabla yake, baiskeli nyingi zenye mnepo wa mm 160 hazikuwa zimelala hivyo. Tallboy inateremka mahali ambapo zile zingekutetemesha, na inapanda kama baiskeli nyepesi kwa sababu ni nyepesi. Ndugu yake Hightower, katika toleo la 2023, alikuwa na mm 145 nyuma na 150 mbele. Anasamehe zaidi kwenye mawe makubwa, anachosha zaidi kwenye njia tambarare. Au tazama Stumpjumper ya Specialized, jina lililoanza mwaka 1981 kwa baiskeli ya chuma isiyo na shokapu yoyote. Toleo la mwisho wa 2020 lilikuja kwa namna mbili, moja ya mm 130 nyuma, nyingine, EVO, ya 150. Mwaka 2024 kampuni ikaziunganisha kuwa moja ya 145. Hiyo inakwambia kiwanda kinaamini wateja wake wako wapi, na wateja wake wengi wako Marekani na Ulaya, kwenye vijia vilivyochongwa mahsusi kwa baiskeli, mara nyingi vikiwa na gari au lifti ya kuwapandisha.

Sisi tuko wapi? Msitu wa Karura, Nairobi, una njia pana za udongo ulioshindiliwa. Kwa mtu ambaye huendesha huko tu na kwenye mashamba ya chai ya Tigoni, namshauri bila kusita anunue baiskeli ya shokapu ya mbele tu, nzuri, na fedha iliyobaki aifanyie jambo lingine. Mgongo wa Ngong una kokoto zinazoteleza na upepo wa kukusukuma pembeni. Usambara una udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hugeuka sabuni, mizizi iliyopandana, na miteremko isiyokwisha. Rwanda, njia ya Congo Nile kandokando ya Ziwa Kivu ina kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, na sehemu kubwa yake ni kupanda na kushuka vilima kwa zamu. Kwa maeneo haya yote matatu, mm 130 nyuma na 140 mbele zinatosha, na nikilazimishwa kukosea upande mmoja ningepunguza badala ya kuongeza.

Tom Ritchey, aliyechomelea fremu nyingi za mwanzo kabisa za California, alifika Rwanda mwaka 2005 na kuona wakulima wakisukuma buni kwa baiskeli za mbao. Mtu huyo angeweza kubuni baiskeli yoyote. Alichobuni kwa ajili ya mradi wake, Project Rwanda, kilikuwa baiskeli ndefu ya mizigo, isiyo na shokapu, yenye gia za kupandia na nafasi ya magunia nyuma, kwa kuwa buni iliyochumwa huharibika isipofika haraka kwenye mashine ya kumenya. Alianza na njia na mzigo. Mnunuzi wa baiskeli ya michezo ana anasa ya kutobeba magunia, lakini swali la kuanzia ni lilelile.

Kuhusu magurudumu sitapoteza muda: chukua inchi 29, isipokuwa kama una urefu chini ya sentimita 160 hivi, hapo 27.5 nyuma itakupa nafasi ya makalio kwenye mteremko mkali. Jambo moja la kujua ni kwamba rimu ya 29 ina kipenyo cha mm 622, sawa kabisa na ya baiskeli za mbio za barabarani, kwa hiyo tyubu ya dharura utaipata. Baiskeli kubwa nyeusi za zamani zenye matairi ya inchi 28 kwa moja na nusu zina rimu ya mm 635. Jina linakaribiana, tairi haliingii hata ukilipigia nyundo.

Tukija kwenye viungo vya nyuma, hapo pana ugomvi wa zaidi ya miaka thelathini na lugha ya kanisani. Mguu unaposukuma pedeli, uzito hurudi nyuma na shokapu hutaka kuzama. Mvuto wa cheni, kutegemea ekseli kuu ya kiungo imewekwa wapi, unaweza kulisukuma gurudumu chini na kuzuia kuzama huko. Mbunifu akizidisha mvuto huo, kila jiwe litakalogonga gurudumu la nyuma litaurudishia mguu wako teke dogo kupitia pedeli. Kwenye breki kuna shida nyingine: kwa mkono mmoja unaozunguka ekseli moja, ukifunga breki shokapu inaelekea kukakamaa. Horst Leitner, Mwaustria aliyetoka kwenye pikipiki za motokrosi na kuanzisha AMP Research huko California, aliweka kiungo kidogo mbele ya ekseli ya gurudumu la nyuma, na shokapu ikabaki huru hata breki zikiwa zimefungwa. Specialized ilinunua haki za ubunifu huo mwaka 1998, na kwa miaka kadhaa washindani wakalazimika kutafuta njia za kuuzunguka. Dave Weagle akabuni DW-link, inayotumiwa na Ibis na Pivot. Santa Cruz ina VPP yake. Yeti na Fox wakaunda Switch Infinity yenye mirija miwili ya kuteleza. Haki zilipokwisha muda katika miaka ya 2010, kampuni nyingi zilirudi kwenye kiungo cha Leitner kimyakimya.

Maoni yangu ni kwamba ugomvi huo umekwisha. Mifumo yote hiyo, ikitengenezwa na kampuni makini, inafanya kazi vizuri, na tofauti kati yake ni ndogo kuliko tofauti ya shokapu iliyojazwa hewa sawasawa na ile iliyojazwa kwa kukisia. Shokapu ya nyuma izame kwa asilimia 25 hadi 30 ya mkunjo wake, yaani umbali wote ambao shokapu yenyewe hujibana, unapokaa juu ya baiskeli na mizigo yako yote; foku kwa 15 hadi 20. Kama mkunjo wa shokapu ni mm 50, pete ya mpira iliyo kwenye mrija wake isimame kati ya mm 12 na 15. Pampu ya shokapu inanunuliwa siku moja na baiskeli. Wepesi wa miili wana hoja ya ziada. Mwendeshaji wa kilo 55 hutumia hewa kidogo, na hewa kidogo hurudisha shokapu polepole, hivyo lazima kuwe na kirekebishi cha kulegeza kurudi kwake. Shokapu isiyo na kirekebishi hicho haimfai hata ikiwa nzuri namna gani.

Zipo pia baiskeli za supamaketi zenye springi nyekundu katikati ya fremu. Ndani ya shokapu halisi kuna springi, siku hizi mara nyingi ni hewa iliyobanwa, na kuna oili inayolazimishwa kupita katika matundu membamba ili pigo ligeuke joto. Zile nyekundu zina springi peke yake. Unagonga jiwe, zinakubali, kisha zinakurudishia jiwe lote. Kwa fedha ileile nunua baiskeli isiyo na shokapu kabisa.

Swali ambalo ningependa mnunuzi aulize kuhusu viungo vya nyuma ni hili: vina beringi ngapi, za namba gani, na fundi atazifikia vipi? Beringi za baiskeli mara nyingi ni za viwandani, zenye namba zilezile zinazotumika kwenye mashine. 6902 ni ya mm 15 ndani, 28 nje na 7 unene. 6802 ni 15, 24 na 5. Ukiwa na namba hizo, na herufi 2RS za kuonyesha mpira wa kuzuia vumbi pande zote mbili, utahudumiwa kwenye duka la beringi Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, na muuzaji hatajua wala kujali kwamba ni za baiskeli. Zile za asili za fremu aghalabu hujazwa gololi nyingi zaidi bila kizimba, kwa sababu kiungo cha baiskeli hakizunguki, kinakwenda na kurudi hapohapo. Za dukani zitachakaa mapema. Bado ni nafuu kuliko kusubiri kifurushi kutoka ng'ambo. Santa Cruz huahidi mmiliki wa kwanza beringi za bure maisha yote, ahadi nzuri kwa anayeishi karibu na wakala wao.

Kwa mantiki hiyohiyo, tafuta fremu yenye kishikio cha deraila cha aina ya UDH. Kishikio ni kipande kidogo cha alumini kinachokunjika au kuvunjika deraila ikigonga kisiki, na kwa miaka mingi kila kampuni, karibu kila modeli, ilikuwa na chake. Mwaka 2019 kampuni ya vipuri ya SRAM ilitoa umbo moja na kuruhusu kampuni zote kulitumia. Kimoja mfukoni kinatosha, na rafiki mwenye baiskeli ya chapa nyingine anaweza kukuokoa. Kitovu cha pedeli kiwe cha kufungwa kwa nyuzi za skrubu badala ya kushindiliwa kwa presi. Na zikimbie fremu zinazopitisha nyaya za breki na gia ndani ya beringi za shingo. Zinapendeza kwenye picha; kubadilisha beringi ya juu ya shingo, kazi ya dakika kumi, kunaweza kumlazimisha fundi akate bomba la breki na kutoa hewa upya.

Kutoa hewa kunanileta kwenye oili ya breki. Breki za Shimano hutumia oili ya madini, na nyingi za SRAM, ingawa si zote, hutumia DOT, ileile ya magari, ambayo kituo chochote cha mafuta kuanzia Mombasa hadi Bukavu kinayo rafuni. Kwa anayeishi mbali na duka la baiskeli hiyo ni hoja ya kweli, ingawa DOT hunyonya unyevu na hubadilishwa mara nyingi zaidi. Soma maandishi kwenye mkono wa breki kabla ya kumimina chochote. Oili isiyo yake huharibu mipira ya ndani. Aina yoyote utakayochagua, kwa miteremko mirefu chukua pistoni nne, angalau mbele, na diski ya mm 180 au 203.

Ningekuwa na fedha za kuongeza mahali pamoja tu, zingekwenda kwenye matairi. Inchi 2.4, mpira laini mbele, ukuta mnene nyuma, bila tyubu. Kwetu miiba ya migunga imemaliza mjadala wa tyubu. Dawa nyeupe inayomiminwa ndani huziba tundu la mwiba kabla hujajua umechomwa, lakini kwa joto kavu hukauka ndani ya miezi michache, na wengi hugundua siku inapohitajika. Shinikizo liwe psi 20 hadi 26 kulingana na uzito wako, si 40 za fundi wa barabarani ambaye, kwa nia njema kabisa, atalijaza hadi liite. Tairi lenye hewa sahihi hufanya kazi ya milimita nyingi za shokapu, bila beringi hata moja.

Nguzo ya siti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe si pambo. Breeze huyohuyo wa Repack aliuza springi ya kushushia siti, Hite-Rite, katika miaka ya 1980, kwa sababu alijua kwamba mteremko unahitaji nafasi ya mwili kusogea. Kati ya nguzo hiyo na mm 20 za mnepo, chukua nguzo. Gia: sproketi moja mbele, kumi na moja au kumi na mbili nyuma, kubwa kuliko zote iwe na meno 50 au 51, na tusiendelee. Kaboni huokoa kilo moja au mbili na kuongeza bei ambayo ingenunua breki, matairi na foku bora. Baiskeli ya alumini ya vijia ina kilo 14 na nusu hadi 16, na sijaona mtu aliyeshindwa kupanda mlima kwa tofauti hiyo ambaye hakuwa amekosa usingizi.

Hesabu pia saa. RockShox inataka miguu ya foku na chumba cha hewa cha shokapu visafishwe na kupakwa oili mpya kila saa 50 za kuendesha, na huduma kamili kila saa 200. Fox inasema saa 125 au mwaka mmoja. Vumbi jekundu halijui tofauti hiyo. Mimi hufuata hesabu fupi kwa zote. Kwa anayeendesha kila wikendi, saa 50 ni miezi mitatu minne. Muulize fundi wako kama ana seti ya sili na oili ya foku kabla hujalipa. Akikuuliza oili ya foku ni nini, ongeza kwenye bei vifaa vya kuifanya kazi hiyo mwenyewe, nayo si ngumu.

Wengi wetu tutanunua za mtumba, zinazoshuka kwenye makontena kutoka Ulaya. Shika siti, inua baiskeli taratibu: ukisikia kugonga au siti ikipanda kabla gurudumu halijaondoka chini, viungo vimechakaa. Pitisha kucha kwenye mirija ya foku. Mkwaruzo unaokamata kucha unakata sili, na sili iliyokatwa haishiki oili. Tazama kwa tochi kuzunguka maungio na chini ya shingo kama rangi imepasuka. Pima shokapu kutoka tundu hadi tundu, kwa sababu tangu 2016 vipimo vimehama, mathalani kutoka 200 kwa 57 kwenda 210 kwa 55 (urefu kwa mkunjo, kwa mm), na fremu ya zamani haipokei shokapu mpya ya kipimo kingine. Foku za pekee ziogope: Lefty ya Cannondale, yenye mguu mmoja tu, ni uhandisi wa kupendeza, nami nisingeinunua mtumba mbali na kiwanda. Mwisho omba ufungue skrubu moja ya kiungo utazame beringi. Muuzaji akikataa, mwambie akupunguzie bei ya seti nzima ya beringi, maana ndiyo utakayoinunua wiki ijayo.